Cheni ya Pikipiki Nayo ni Suala la Afya



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za malaria, kuhara na lishe ya watoto. Huenda mtu akauliza: cheni ya pikipiki na afya wapi na wapi? Mimi naona vinahusiana sana. Siku hizi mama mjamzito hufika zahanati kwa bodaboda, na vijana wetu wengi hupata riziki kwa kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021. Kati ya kila mia, 21 walikuwa kwenye vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu. Tunalaumu mwendo kasi na ulevi, na ni haki. Lakini chombo kibovu nacho kina dalili zake, na hatuziangalii.

Cheni hudhuru vipi?

Cheni iliyolegea mno huweza kuruka kwenye meno ya sproketi. Ikijisokota nyuma, gurudumu hukwama ghafla na dereva huanguka pamoja na abiria wake. Iliyokazwa mno nayo ni hatari. Abiria akipanda au pikipiki ikiingia shimoni, gurudumu la nyuma hupanda na kushuka, na cheni huhitaji nafasi ya kucheza. Ikikosa nafasi hiyo huumiza beringi, na mwisho hukatika. Gurudumu likikaa upande, pikipiki huvuta upande, na cheni na tairi huisha upesi.

Namna ya kuirekebisha

1. Zima injini, weka giya huru, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa.
2. Zungusha gurudumu kwa mkono utafute mahali cheni inapokaza zaidi. Hapo, katikati ya sehemu ya chini, isukume juu na chini, upime kwa rula. Kwa pikipiki nyingi ndogo za kazi, mchezo ni milimita 20 hadi 30, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako.
3. Legeza nati ya ekseli. Baadhi ya pikipiki zina nati ya pili upande wa sproketi. Hiyo nayo ilegezwe.
4. Zungusha nati za kurekebishia za kulia na kushoto kwa kiasi kile kile, kidogo kidogo. Alama za pande zote mbili zilingane.
5. Kama alama zimefutika, tumia uzi. Uvute ukigusa tairi la nyuma mbele na nyuma yake, uende hadi tairi la mbele, kila upande. Usukani ukiwa umenyooka, nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa pande zote.
6. Kaza nati ya ekseli barabara, kisha pima tena.
7. Jaribu breki ya nyuma. Gurudumu likirudi nyuma, breki ya fimbo hukaza. Lazima nayo irekebishwe.

Kama cheni inavutika kutoka nyuma ya sproketi kubwa hadi nusu ya jino kuonekana, kuikaza si dawa tena. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja.

Vidole na khanga

Kamwe usisafishe wala kupaka cheni mafuta injini ikiwa inaunguruma. Kitambaa kikinaswa, vidole hufuata. Kidole kikikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono. Kipande kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kipande kisigusane na barafu. Nendeni hospitali mara moja, na muulizie chanjo ya pepopunda.

Akina mama, kusanyeni khanga na mikanda ya kubebea watoto kabla ya kuondoka. Pikipiki iliyovuliwa kikinga cheni isibebe mtu.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye neno langu kubwa. Katika familia zetu wapo wanaomiliki pikipiki na kuwapa vijana. Jioni hudai hesabu kamili, lakini cheni ikiisha humwambia kijana ajitegemee. Naye, akiogopa kupungukiwa, huendelea kuikaza hadi imalizike. Kijana atasema, na kweli, kwamba kukagua kila siku ni wajibu wake. Lakini kununua cheni mpya ni wajibu wa anayekula faida ya chombo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kuunga mfupa wa paja, bila kuhesabu miezi ambayo nyumba haitapata kitu.

Abiria nawe una sauti. Ukisikia cheni ikigonga kikinga, mwambie dereva asimame, ushuke. Usione haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.