GIA YA MKONO SI KIPIMO CHA UANAUME

Ndugu wafanya kazi wenzangu,

Yako maneno mengi katika kambi na gereji zetu juu ya magari ya kazi ya porini. Wengine wasema gari la kweli ni lile la gia za mkono, na kwamba otomatiki ni gari la watu wa mjini na wavivu. Mimi nasema maneno hayo ni ya kiburi, si ya akili, tena hasara yake yatuangukia sisi kabla ya kumfikia mwajiri.

Tuanze na sisi wenyewe watu wa reli. Garratt kubwa za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, zilipandisha mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa mpaka Nairobi, na dereva wake hakukanyaga klachi hata siku moja. Mvuke ulisukuma pistoni, pistoni ikazungusha gurudumu, basi. Injini za dizeli zilizofuata katika njia kuu nazo hazina gia za kubadili: injini huzungusha mtambo wa umeme, na umeme huzungusha mota zilizo kwenye ekseli. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba dereva wa Garratt alikuwa mvivu?

Sasa tulitazame gari la porini. Katika gari la gia za mkono, nguvu ya injini hupita kwenye sahani ya klachi inayokamata kwa msuguano. Katika otomatiki ya kawaida, nguvu hupita katika mafuta: gurudumu moja la mapanga huyarusha mafuta, na lingine huyapokea likazunguka. Asili yake ni kazi ya mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, mwaka 1905, tena aliibuni kwa ajili ya meli. Gari linapoanza kuondoka, chombo hicho huongeza nguvu ya kuzungusha, wala hakuna sahani ya klachi inayosuguliwa chini ya mguu wa dereva.

Fikirini basi mchanga wa upande wa Voi, au udongo mweusi wa Athi wakati wa mvua. Dereva wa gia za mkono akikanyaga klachi ili abadili gia, nguvu hukatika kidogo, na kidogo hicho chatosha gari kuzama. Akishikilia klachi nusu ili ajinasue, sahani yaungua. Otomatiki hubadili gia bila kuachia magurudumu. Juu ya mawe nako, dereva huenda pole pole, wala injini haizimiki katikati ya kilima.

Wako watakaosema, “Hayo ni ya vitabuni.” Haya, mwaka 1979, katika Safari Rally ya hapa kwetu, Hannu Mikkola alishika nafasi ya pili kwa Mercedes 450 SLC ya otomatiki. Mwaka ule ule, katika mashindano ya Bandama huko Ivory Coast, Mercedes za namna hiyo zilishika nafasi nne za kwanza. Sifichi kwamba mshindi wa Safari ile, Shekhar Mehta, aliendesha Datsun ya gia za mkono. Lakini gari lililowapita wote isipokuwa mmoja, katika barabara zetu za vumbi na matope, haliwezi kuitwa gari la wavivu.

Wala sisemi otomatiki haina kasoro. Betri ikifa porini, gari la gia za mkono husukumwa na watu wanne likawaka. La otomatiki kwa kawaida halikubali, lataka waya na betri ya gari jingine. Haifai kulivuta ovyo likiharibika. Mafuta yake yakipata moto mno, au maji yakiingia, giaboksi yaharibika, na fundi wa chini ya mti aliyezoea kubadili sahani ya klachi hataiweza. Katika mteremko mkali, gia ya kwanza ya mkono hulishika gari vizuri sana. Dereva wa otomatiki asiyejua kuweka gia ndogo mwenyewe huichosha breki mpaka ikamsaliti. Kwa hiyo genge lililo mbali sana na gereji lina haki ya kudai gia za mkono. Gari lichaguliwe kwa kazi, si kwa majivuno.

Na sasa nafika penye shina la jambo. Yuko mwajiri, jina silitaji, aliyemkata dereva mshahara kwa sababu ya klachi iliyoungua matopeni. Ndugu, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara kukatwa kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kusudi. Je, ni kusudi kumtoa mwenzako aliyekwama mtoni? Aliyenunua chombo kisichofaa kazi hiyo ndiye alipe.

Tena wako wenzetu walioumia mguu wa kushoto kazini, kwa taruma kuanguka au kwa behewa. Mtu huyo macho yake mazima, mikono yake mizima, barabara aijua. Lakini aambiwa hawezi tena kuendesha, kwa kuwa klachi yataka mguu wa kushoto. Kifungu cha 5 cha sheria ile ile chakataza kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu. Otomatiki ina pedali mbili tu, na mguu wa kulia wazitosha zote mbili. Basi sisi tunapoicheka otomatiki, twamsaidia mwajiri kumfukuza ndugu yetu, nasi tumefanya kazi hiyo bure bila malipo.

Kwa hiyo naomba chama chetu kidai mambo haya. Kwanza, madereva na mafundi waulizwe kabla gari la kazi halijanunuliwa. Pili, kila kituo kikubwa kiwe na gari la otomatiki angalau moja, na aliyeumia mguu apewe nafasi ya kwanza kuliendesha. Tatu, madereva wafundishwe aina zote mbili, hasa kushuka milima, kwa gharama ya mwajiri. Nne, asikatwe mtu hata senti moja kwa klachi iliyokwisha kazini.

Uanaume haumo katika fimbo ya gia. Mwenye kiburi cha gia na akae nacho, lakini asikiuze kwa mkate wa mwenzake.

Wenu katika chama,
Mfanya kazi wa njia ya reli