Mke Aliyechoka



Chuoni kwetu hapa Kiegeani huja mama mmoja kila alasiri kumchukua mwanawe. Zamani alikuwa mcheshi, hodari wa kusuka mikeka. Kisha tukaona amekuwa mnyamavu, na mkeka mmoja humkalia miezi. Akisemeshwa hujibu, "Hewala, mwalimu," basi. Majirani walisema ameingiwa na uvivu. Sisi nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, alipotueleza kuwa mumewe humpiga, tulimwambia asubiri, tukadhani tumetoa nasaha.

Haukuwa uvivu. Mke apigwaye hachoshwi na kipigo peke yake. Huchoshwa na kungoja. Husikiliza jinsi mlango unavyofunguliwa, huipima sauti ya mume aulizapo chakula, huwanyamazisha watoto kabla hawajacheka. Moyo wake umo katika hadhari hata siku asizopigwa, na usingizi wake ni wa mang'amung'amu.

Mwaka 1979 Bibi Lenore Walker wa Marekani, mjuzi wa elimu ya nafsi, alitoa kitabu juu ya wake wa namna hii, akaeleza kuwa baada ya kipigo aghlabu huja toba. Mume hulia, huapa, huleta kanga. Hapo mke hutumai tena, na yaliyopita hujilaumu mwenyewe: pengine mchuzi ulizidi chumvi! Tumaini hilo likivunjwa mara kwa mara, moyo hufa ganzi. Huona hapana alifanyalo litakalobadili kitu, naye hutumikia nyumba kama mgeni asiye na pa kwenda. Uchovu huo hauondoki kwa kulala.

Wala si jambo la nyumba moja. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2005, ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 waliopata kuwa na mume au mwenzi, 41 katika Dar es Salaam na 56 upande wa Mbeya walikwisha kupigwa naye au kuingiliwa kwa nguvu.

Watakuwako wasemao kuwa twawafitini wake na waume zao. Na waisome habari ya Habiba binti Sahl. Mumewe, Thabit bin Qays, alimpiga akamvunja, naye akaenda alfajiri mlangoni pa Mtume, rehema na amani zimshukie. Hakuambiwa arudi akasubiri. Mume aliitwa, akarudishiwa mali aliyompa, wakatengana. Na Bibi Aisha amepokea kwamba Mtume mwenyewe hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Hata Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, ya mwaka 1971, yasema katika kifungu cha 66 kuwa hapana mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake.

Basi akikujia mwanamke wa hali hii, usianze kumwuliza alikosa nini. Msikilize. Mwenye jeraha apelekwe hospitali, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Wali wake naye asijifiche nyuma ya mahari aliyokwisha kuila.

Mama yule tulimwendea kumtaka radhi. Alitusikiliza, akajibu, "Hewala, mwalimu," akaendelea kupepeta mchele. Sasa yuko kwao pamoja na mwanawe, na shauri lao liko mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa.