Zabibu zetu, bustani yao?

Najua nimepotea, lawama zote nimepokea. Ilikuwa wiki ya madesa, nikawa naamkia kwenye vimbweta na kulalia kwenye vimbweta. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Jumamosi iliyopita washkaji sita wa ualimu tulijichanga, tukapanda daladala kwenda kutembelea shamba la zabibu lenye kiwanda cha mvinyo, nje kidogo ya mji hapa Dodoma. Jina nalihifadhi. Sehemu ni nzuri jamani, tusiseme uongo. Mizabibu imepangwa mistari kama wanafunzi wa paredi, kuna chumba cha kuonja, kuna bustani yenye sanamu, na kuna uwanja wa nyasi wa kufanyia sherehe. Siku hiyo walikuwa wanafunga mahema meupe kwa ajili ya harusi ya jioni.

Sasa sikiliza. Mbele yetu iliingia familia na gari lao, wakaulizwa, "Karibuni, mtaanza na mwekundu au mweupe?" Sisi tukaulizwa, "Mmetumwa na nani?"

Mmetumwa na nani!!! Nilicheka, lakini swali hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Haki yake fundi aliyetuzungusha nampa, yule ni mwalimu kuliko sisi tunaosomea. Alitufundisha kwamba mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, ndiyo maana unapata rangi, na mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa pembeni. Alitufundisha kuonja: unatazama rangi, unanusa, unazungusha mdomoni, halafu unatema kwenye ndoo. Ndiyo, unatema! Mwenzetu Muislamu yeye alikunywa juisi ya zabibu, na hakuna somo hata moja alilolikosa.

Tatizo lilianza bustanini. Sanamu tulizozikuta: twiga, simba, na mwanamke wa Kizungu wa plasta amebeba mtungi. Basi. Nikajiuliza, hapa ni wapi? Huu ndio mkoa alikotoka Hukwe Zawose, aliyezungusha sauti ya ilimba na zeze dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2003. Huku akina mama wa Kigogo wanapiga ngoma za muheme mpaka vumbi linasimama. Ukipanda basi ukapita mji wa Kondoa unafika Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wa huku walikuwa na sanaa ya nje kabla ya plasta kufika! Halafu mgeni anayekuja Dodoma anaonyeshwa mama wa Kizungu na mtungi.

Najua jibu lenu: "Ile ni mali ya mtu, ataweka anachotaka." Sawa, shamba ni lake. Lakini neno Dodoma lililoandikwa kwenye chupa si lake peke yake. Zabibu nyingine anazokamua hakuzilima yeye, alizinunua kwa wakulima wadogo. Ukiuza jina la mahali, una deni kwa watu wa mahali hapo.

Na deni lenyewe lilikuwa limesimama pembeni yangu. Mmoja wetu ni binti wa mkulima wa upande wa Mpunguzi. Tulipoonyeshwa orodha ya bei za chupa alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema taratibu: "Mama analima zabibu tangu sijazaliwa. Ada yangu yote imetoka huko. Hajawahi kuonja waini, wala hajawahi kufika sehemu kama hii." Akatueleza jinsi msimu unavyokuwa. Zabibu hazisubiri, zikiiva zimeiva. Mnunuzi akijua hilo anakaa, bei inashuka, na usipouza zinaozea shambani. Ardhi hii inavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Ulaya hawana, lakini kwa mama yake maana yake ni presha mara mbili kwa mwaka.

Kundi la pili la wapinzani liko hosteli kwetu: "Walimu watarajiwa mnaenda kwenye pombe!" Hawa siwabezi, maana hoja yao ina damu. Kule Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ya Cape, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mfumo ule uliitwa dop. Sheria iliukataza miaka ya 1960, lakini uliendelea mashambani kwa miaka mingi baadaye, na ulevi ulioacha umeumiza mpaka watoto walio tumboni. Kwa hiyo sisemi mvinyo ni maji. Nasema jamii ile iliumizwa na watu waliomwona kibarua kama mkono wa kuchuma tu. Kumfungia mkulima geti hakumkingi na ulevi. Kunamrudisha kulekule, kuwa mkono wa kuchuma.

Hukohuko Stellenbosch, njia ya kutembelea mashamba ilianzishwa mwaka 1971, na shamba la Spier, ambalo historia yake inaanzia 1692, leo linaonyesha kazi za wasanii wa Afrika Kusini wenyewe. Hawajamaliza dhambi zao, lakini mgeni akifika anajua yuko nchi gani.

Mimi shuleni nilikariri kwamba zabibu hustawi kwenye hali ya hewa ya Mediterania. Nilipata alama zangu vizuri kabisa! Hakuna aliyeniambia kwamba zipo Hombolo, Makutupora na Bihawana, kwamba kuna aina inaitwa Makutupora nyekundu. Nimekuja kuliona hilo chuoni, kwa nauli yangu.

Kwa hiyo wenye mashamba, naomba matatu tu. Wekeni siku ya wakulima, waingie bure waone zabibu zao zinageuka nini. Bustanini wapeni kazi wachongaji na wapiga ngoma wa hapa, na kwenye harusi pia. Na shule zikija, zipokeeni kwa juisi na somo.

Na sisi walimu watarajiwa tusijitoe. Tukienda mazoezi ya kufundisha, anayepangiwa Dodoma awapeleke watoto shambani kabla ya kuwakaririsha Mediterania. Wakiulizwa getini wametumwa na nani, wajibu: tumetumwa na mama zetu, wenye zabibu.

Nawasilisha. Aliyechukua desa langu la saikolojia alirudishe kabla ya Jumatatu, sitanii.