Joto Lisilo na Pa Kutokea

Ndugu msomaji, je, umewahi kupiga pasi ya mkaa ambayo tako lake limepinda? Makaa yanawaka, jasho linakutoka, lakini shati linabaki na makunyanzi yake. Moto upo, kilichokosekana ni mgusano. Kisa cha leo kinatoka Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, nacho ni kisa cha pasi iyo hiyo, ila safari hii pasi ni kompyuta.

Kijana mmoja mjini hapo hujipatia riziki kwa kuhariri picha za video za harusi. Kompyuta yake aliinunua kwa fedha za pamba aliyoilima pamoja na mkewe. Siku moja alimpa fundi aisafishe vumbi. Tangu hapo vituko vikaanza: kila alipoanza kazi, feni ilinguruma, na baada ya dakika mbili kioo kikawa cheusi. Fundi akatoa hukumu kwamba kadi ya grafiki, yaani kile kipande kinachochora picha kiooni, imekufa, na inunuliwe nyingine. Mkewe aliuliza swali moja tu: “Baba, na ada ya mtoto je?”

Kijana akaenda kwa mzee jirani, fundi wa redio wa siku nyingi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mbona uso umekukunjamana?”

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kompyuta yenyewe inasema kadi ina joto nyuzi ngapi?”

“Tisini na saba, mzee.”

“Na ukiizima ukayagusa yale mapezi ya kupozea?”

“Vuguvugu tu.”

“Basi haijafa. Joto lake halina pa kutokea.”

Hapo ndipo penye somo, ndugu msomaji. Ndani ya kadi hiyo mna chipu ndogo ambayo ikifanya kazi hupata moto mkali. Juu yake hukaa bamba la shaba au alumini lenye mapezi, na feni huyapuliza mapezi hayo. Lakini chuma hata kikiwa laini machoni, kina vibonde visivyoonekana, na ndani ya vibonde hukaa hewa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu kumi kuliko hewa. Kwa hiyo mafundi hupaka katikati krimu maalumu, waiitayo pesti, ili izibe vibonde hivyo. Mzee wetu aliijua siri hii tangu enzi za vikuza sauti vya transista, ambazo nazo hufungwa kwenye bamba kwa krimu ya aina hiyo.

Walichomoa waya ukutani, wakaacha kadi ipoe, wakagusa bodi la chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha wakafungua skurubu taratibu bila kuvuta nyaya za feni. Alama ya krimu ikasema yote: upande mmoja ilikuwa imebanwa vizuri, upande wa pili haikuguswa kabisa. Sababu nayo ikaonekana. Chipu za kumbukumbu, zinazozunguka ile kubwa, huwekewa pedi laini za kupitisha joto. Fundi wa kwanza alizibadili pedi za milimita 1 kwa pedi za milimita 2. Unene huo ukalinyanyua bamba, likaelea juu ya chipu kama mfuniko uliokaa upande juu ya sufuria.

Tiba yake haikuwa kubwa. Walirudisha pedi za unene wa awali, wakafuta krimu kavu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti safi, wakapaka krimu mpya utando mwembamba ulioenea chipu nzima. Skurubu walizikaza kwa kupishana pembe kwa pembe, kidogo kidogo, zote zikaenda sawa. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, bamba hukaa upande, na chipu yaweza hata kupasuka. Kompyuta ilipowashwa, joto likatulia kwenye nyuzi 74, na harusi ikahaririwa hadi mwisho.

Yafaa nitoe tahadhari tatu. Kwanza, usipake dawa ya meno wala mafuta ya kujipaka badala ya krimu. Hukauka au huchuruzika. Pili, kuelekeza feni ya mezani kwenye kompyuta hakutasaidia sana ikiwa joto halifiki kwenye mapezi. Tatu, kadi iliyo bado katika dhamana irudishe kwa muuzaji kabla hujagusa skurubu hata moja. Na kama mapezi yenyewe ni ya moto sana, basi mgusano ni mzuri. Tazama vumbi na feni.

Hatusemi kila mtu awe fundi. Tunasema kwamba kabla ya kukubali hukumu ya kununua kipya, uliza joto liko wapi na limekwama wapi. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Mwanhuzi ulikuwa wa milimita moja tu, nao nusura uimeze ada ya mtoto.