Wa Mbeya, wa Iringa na Maji ya Ihefu

Leo tuache kidogo mambo ya nani kamnunia nani, tuzungumzie mtoko. Manake kila nikiwauliza wapendanao wikiendi mnafanya nini, jibu ni lilelile: nyama choma, bia mbili, kila mtu na simu yake. Haya, chukueni hizohizo simu tukasakie nazo.

Kuna mchezo unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kopo lenye kidaftari, anatangaza namba za mahali, yaani latitudo na longitudo, wengine wanalisaka kwa GPS, wanaandika jina na kulirudisha palepale. Ulianza Marekani Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga makusudi GPS ya raia. Jamaa mmoja wa Oregon akaficha ndoo msituni, ndani mna na kopo la maharage! Siku hizi wachezaji pia hupeana mahali na saa, wakutane wafahamiane.

Nami nikaalika. Jozi sita, wengine wa Mbeya, wengine wa Iringa, tukutane Rujewa wilayani Mbarali, tuingie bonde oevu la Ihefu kuangalia ndege. Ihefu ilikuwa ndani ya pori la akiba la Usangu, na mwaka 2008 ikaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa hiyo hakuna kuficha kopo. Ukimwambia mtu kuna kitu kimefichwa atashuka garini, atafukua nyasi, atakanyaga mayai ya watu, na viboko wako hapohapo. Nilichofanya ni kuomba ruhusa, kupanga vituo pale askari wa hifadhi aliposema panafaa, na kila kituo kikawa na swali la kujibu kwa macho.

Na macho yalishiba. Mwari, bata bukini, yangeyange weupe pee, na furukombe akipiga ukelele wake juu ya mti. Kuna kaka aliyekuja kwa kuburuzwa na mkewe, mchana alikuwa hataki kumwachia mtu darubini.

Mambo yaliharibika swali la nne: maji haya yanatoka wapi na yanaishia wapi? Kutoka ni rahisi, milima ya Uporoto na Kipengere. Yanakusanyika Ihefu, yanatokea Ng'iriama penye kizingiti cha mwamba, yanakuwa Ruaha Mkuu, yanapita hifadhini mpaka bwawa la Mtera na umeme wa Kidatu. Ila tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, viboko wakabanana kwenye madimbwi.

Sasa tulikuwa na wachumba, binti wa Mbarali na kijana wa Iringa anayetembeza watalii Ruaha. Kijana akajibu, "Yanaishia kwenye majaruba yenu."

Binti akamgeukia. "Na ule ubwabwa uliokula kwetu siku ya posa, ulimwagiliwa kwa mate?"

Gari zima kicheko, isipokuwa wao wawili. Kumbe mzee, baba yake binti, amewaahidi ekari mbili za mpunga kama zawadi ya ndoa, na kijana miezi mitatu anakwepa kujibu. Anaona aibu kulima kwa maji ambayo kila kiangazi anawaeleza wageni kwamba yamekwenda mashambani. Binti alidhani anadharau kwao. Ningekuwa yeye ningedhani vilevile. Mtu akikaa kimya mbele ya zawadi ya mkwe, ukweni wanajaza wenyewe sababu.

Niliona tuwaachie nafasi, tukashuka kula chini ya mwembe nje ya hifadhi. Ubwabwa na kambare, bahati mbaya au nzuri. Huko nyuma nikasikia sasa wanaongea. Binti akieleza kilimo shadidi, mche mmojammoja unaopandwa ungali mchanga, shamba linaloachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiwa tena. Kijana akauliza, na mfereji baada ya mavuno nani anaufunga? Hilo ni swali la haki kabisa, manake maji mengi hupotea mifereji ikiachwa wazi kiangazi wakati shambani hamna kitu.

"Utamuuliza baba mwenyewe," binti akasema. "Mimi simo."

"Jumamosi?"

"Jumamosi. Na uvae shati la maana."

Karatasi yao niliipokea swali la nne likiwa tupu.

Ukitaka kualika na wewe, subiri mvua ziishe, ule udongo mweusi wa mbuga unameza magari. Muziki uuache nyumbani, nguo zisiwe za kung'aa. Wageni uwajue pia: mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa bondeni humo na ng'ombe wao, na mtoto wa familia hiyo anaweza kuwa kiti cha pili kutoka kwako wakati wewe unasifia utulivu. Tukutane mwezi ujao.