Kadi Ishirini kwa Moja



Wiki hii tulikusudia kuendelea na maudhui ya mirathi, lakini nyumbani kwetu kumezuka kesi iliyotushughulisha siku tatu mfululizo, hata kalamu imekataa kuandika jambo jengine. Wenye hamu ya mirathi watuwie radhi hadi juma lijalo.

Binti yetu aishiye Uingereza amekuja likizo na mwanawe wa miaka 12. Kijana huyu hatengani na mkebe wake wa bati, na ndani ya mkebe mna kadi za wachezaji wa kandanda, kila moja kubwa kiasi cha kadi ya karata. Mwaka jana alimletea binamu yake wa hapa Mombasa, mtoto wa miaka 8, pakiti moja isiyofunguliwa kuwa zawadi. Mdogo akaifungua, akazifunga kadi zake kwa mpira, akazitia mtotoni mwa meza. Safari hii mkubwa alipozipekua aliona miongoni mwao kadi moja iliyotiwa saini kwa mkono wa mchezaji mwenyewe. Akasema, "Nipe hii 1, nitakupa 20." Mdogo akaja mbio barazani kutuonyesha faida aliyoipata. Nasi, twakiri, tulizihesabu moja moja tukampa hongera.

Baada ya Magharibi kaka yake mdogo huyo alitazama kwenye simu akaona kadi kama ile imeuzwa pauni 60, yaani takriban shilingi 10,000 za Kenya. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mama mmoja alisema mwanawe amedhulumiwa, wifi yake akajibu, "Kwani alishikwa mkono?" Siku ya pili chai ilinywewa vyumba mbalimbali.

Kabla ya kuhukumu tulimwita mjukuu atueleze biashara yenyewe, kwani si insafu kukata shauri katika jambo usilolijua. Tulidhani ni mchezo wa watoto. Kumbe ni soko lenye umri mkubwa kuliko wetu. Marekani, kati ya 1909 na 1911, kadi za wachezaji wa besiboli zilitiwa ndani ya pakiti za sigara. Moja ya kadi hizo, ya mchezaji Honus Wagner, ilisitishwa kuchapishwa mapema, zikabaki chache mno. Leo huuzwa kwa mamilioni ya dola. Kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 ilinunuliwa mnadani 2022 kwa dola milioni 12.6. Karatasi hiyo ndugu zetu! Ulaya nako, kampuni ya Panini ya mji wa Modena, Italia, ilianza na picha za wachezaji wa nchini mwake mwaka 1961, kisha ikatoa albamu ya Kombe la Dunia lililochezwa Mexico 1970, na tangu hapo haijakosa.

Tulimuuliza kwa nini wabadilishane, kila mtu asinunue zake? Akatupigia hesabu. Albamu ya Kombe la Dunia la Qatar 2022 ilikuwa na nafasi za picha 670, na pakiti huwa imefungwa, hujui kilichomo. Mwanzo kila picha ni mpya. Lakini kadiri albamu inavyojaa ndivyo zinavyozidi kurudi zile zile, hata ukifika mwisho unafungua pakiti kwa pakiti ukiitafuta sura moja tu. Mtu akitaka kuijaza peke yake bila ya kubadilishana na yeyote, kwa wastani atahitaji picha zaidi ya 4,700. Tulikaa tukalipima neno hilo. Mkusanyaji asiye na mwenzake hulipa karibu mara saba ya mwenye wenzake wengi. (Ama mas'ala ya kuuziwa pakiti usiyojua kilichomo, yana maneno marefu, tunayaweka kando kwa leo.)

Kwa hivyo watu hutafutana. Madrid, kila Jumapili, karibu na soko la El Rastro, wazee kwa watoto hukusanyika na orodha mikononi: hizi ninazo zaidi, hizi sina. Waitaliano wana maneno yao mawili ya kazi hiyo, moja la "ninayo" na jengine la "inakosekana", wakiyasema mbio mbio huku picha zikipita vidoleni. Sisi utotoni tulifanya vivyo hivyo kwa stempu za barua zilizotoka Maskati na Bombay, na mwenye stempu ya nchi asiyoijua mtu alikuwa sultani wa mtaa.

Nao wana adabu zao. Kadi hutazamwa pembe zake nne mbele ya mwangaza. Iliyokunjika husemwa kuwa imekunjika. Wanaopelekeana kwa posta, asiyejulikana ndiye hutangulia kutuma, na mwenye jina jema hutuma baada yake. Pia kuna kampuni zinazopima ubora, zikaipa kadi alama kati ya 1 na 10 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Hata hivyo hila haikukosa mlango. Ile kadi ya Wagner iliyo mashuhuri kupita zote, iliyouzwa mnadani 1991 kwa dola 451,000, ilisifiwa miaka mingi kwa usafi wa kingo zake. Mwaka 2013 dalali aliyekuwa nayo zamani alikiri mahakamani kuwa alizikata kingo hizo mwenyewe ili ionekane mpya. Nani asiyekumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini?

Lakini mjukuu wetu hakukata kingo wala hakuficha kunjo. Tulimuuliza, "Ulijua thamani yake?"

"Nilijua, Babu."

"Mbona hukumwambia mwenzako?"

"Hakuniuliza."

Jawabu hili tumelisikia mara nyingi kwa watu wazima wenye maduka, na kila tulisikiapo hutuuma zaidi kuliko uongo, maana uongo una dawa. Wangelikuwa wawili hawa wamebaleghe, tusingeliweza kuivunja biashara yao: katika madhehebu yetu ya Shafii kupunjika peke yake, pasi na udanganyifu, hakuvunji mkataba, na hiari ya kurejesha walikuwa nayo kabla ya kuachana kwenye kikao chao. Ila mtoto hauzi wala hanunui pasi na walii wake. Wako wanavyuoni waliosamehe vitu vidogo vidogo, mfano wa mtoto kutumwa mkate. Shilingi 10,000 si mkate. Tukaamuru kila mmoja arejeshewe chake.

Hapo tukapata msiba ambao hatukuutarajia: mdogo alilia kwa kwikwi akazikumbatia zile 20. Miongoni mwake mlikuwa na Victor Wanyama katika jezi ya Tottenham, kadi ya kawaida isiyo na bei ya maana. Ile ya saini haitaki. "Babu, hii imechorwachorwa kwa kalamu."

Kwa saa nzima mahakama yetu haikujua la kusema. Tulikuwa tumeipima dhulma kwa pauni, naye kipimo chake ni chengine. Lakini tuliona kuwa asiyejua anachokitoa hawezi kusema ameridhia, hata akicheka. Kadi ya saini ikarudi kwa baba yake mdogo, akaiweka kabatini pamoja na hati ya nyumba mpaka mtoto akue aamue mwenyewe. Ama Wanyama, mkubwa alisema bila ya kuombwa, "Achukue tu." Tukamkumbusha kuwa zawadi ya mtoto nayo ina maneno yake, akaenda kumuuliza mamake, naye akaridhia.

Tangu juzi wamekaa tena barazani na orodha zao. Kabla ya kila badilisho mkubwa hutaja bei ya anachokitaka, kwa sauti ya kulazimishwa. Mdogo huinua kila kadi juani akaikagua pembe zote nne, hata mwenzake hukereka, maana ndege yao ni Alhamisi na kadi bado nyingi. Nasi tumefanywa mashahidi, kazi isiyo na ujira na yenye kuumiza magoti.

Na asubuhi tulipokuwa tukiandika safu hii, tulimwona wifi mmoja akipita ukumbini na sahani ya mahamri iliyofunikwa kawa, akaelekea chumba cha mwenziwe. Hatukuuliza.