BUTEMBO: Fakture ya mgonjwa wa moyo isiwe fumbo

Mgonjwa anafika hospitalini akishika kifua. Anawekewa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine inachora mapigo ya moyo wake kwenye karatasi. Kipimo hicho, ECG, kinachukua dakika chache tu. Siku ya kutoka, jamaa inapewa fakture yenye mstari mmoja, "matunzo mbalimbali", na jumla kwa dola. Mbalimbali gani? Hakuna anayejibu.

ECG ina kazi mbili: kuchukua mchoro, kisha munganga kuusoma na kuandika matokeo. Fakture isiyotaja kitu inaweza kulipisha usomaji ambao haukufanyika, ao kulipisha mchoro mmoja mara mbili, na jamaa haiwezi kugundua.

Huko Marekani, ambako matunzo ni ghali sana, kila kazi ina namba yake. ECG nzima ni 93000, kuchukua mchoro peke yake ni 93005, kusoma na kuandika matokeo ni 93010. Aliyelipisha 93000 haruhusiwi kuongeza 93010 juu ya mchoro ule ule. Namba hizo hazikushusha bei wala hazikumaliza wizi. Lakini anayedanganya anaacha alama.

Wasimamizi wa hospitali watasema kwamba Serkali haitoi pesa za kutosha, na kwamba wafanyakazi wengi wanaishi kwa malipo ya wagonjwa. Ni kweli. Lakini hospitali yenye shida ya pesa iseme bei yake wazi, isiifiche. Mama anayezuiliwa kitandani kwa deni asiloelezwa hakuiba kitu.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2006 kinahakikisha haki ya afya. Kinachodaiwa hapa hakingojei mfadhili. Bei zibandikwe kwenye dirisha la malipo, kwa franga, pamoja na kiwango cha dola cha siku. Kila kipimo, ECG ao ekografia ya moyo, kiwe na mstari wake, tarehe yake na jina la aliyekifanya. Matokeo yaliyoandikwa apewe mgonjwa pamoja na risiti. Kama hakuna matokeo, usomaji usilipishwe.

Munganga mkuu wa zoni ya afya ana kazi ya kusimamia hospitali. Aanze kwa kuomba aonyeshwe fakture za wiki hii.